Samaki Namba Kumi na Nne

Tulimzika Ma Paulina Jumanne, kwenye shamba lake la migomba, upande wa juu ambako maji hayatuami. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea kwa mama mzee aliyekuwa hatoki kitandani mwaka mzima. Katekista alisoma, wanawake wa jumuiya wakaimba, na mimi nikakalishwa pamoja na mabinti zake, mahali pa watu wa damu, ingawa damu yao sinayo. Hakuna aliyeuliza. Kwa zaidi ya miaka arobaini wamezoea kuniona nikija kutoka Nyakasimbi, kwanza kwa miguu, baadaye kwa baiskeli ya mume wangu, na siku hizi kwa pikipiki ya mjukuu, na kwao mimi ni Mwalimu Leokadia aliyewahi kukaa na mama zamani. Ni kweli nilikaa naye. Nilikaa naye mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini, na mwaka ule haujaniacha. Sura nyingine za maisha yangu nimeziandika bila taabu: ualimu, ndoa, watoto waliokufa na waliopona. Hii nilikuwa nikiiruka. Kila nilipoketi kuiandika nilijiambia kwamba Paulina bado yu hai na mtu anaweza kumsomea. Sasa hakuna wa kusomewa.

Ilikuwa miaka michache tangu vijana wetu warudi kutoka vita ya Hitla. Masista walionifundisha walijua kwamba mkono wangu ni mwepesi kuchora. Nilikuwa nachora maua ya vitambaa vya altare, na mmoja wao alikuwa amenipa kisanduku cha rangi za maji chenye vidonge kumi na viwili. Akaja mzungu mmoja, Bwana Taranti, mrefu, shingo nyekundu, mtu wa kuongea kwa sauti ya chini kama yuko kanisani. Alikuwa anatafuta mtu wa kuchora samaki. Masista walidhani wamemsikia vibaya. Akarudia kwa Kiswahili chake cha kunyooka: "Nataka mtu wa kuchora samaki wakiwa hai. Wakifa, rangi inakimbia." Nikaonyeshwa ua la jangwani, nikalichora mbele yake, akaitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama ua. Wiki iliyofuata nilikuwa njiani kwenda upande wa Kaisho, nikiwa na nguo zangu katika kifurushi na kisanduku cha rangi kifuani, msichana wa kwanza kwetu kwenda kufanya kazi ambayo si ya jembe wala ya kulea.

Bwana Taranti alikuwa amepanga nyumba iliyoachwa na mfanyabiashara wa ngozi, juu ya kilima kinachotazama mojawapo ya maziwa yale yaliyotapakaa kando ya mto Kagera. Harufu ya ngozi haikuwa imetoka ukutani. Mvua ikinyesha ilirudi yote. Chumba kikubwa cha mbele alikijaza matangi ya vioo, kumi na mawili, yamepangwa juu ya rafu za mbao mkabala wa dirisha. Chini aliweka mchanga na mawe ya ziwani, na kila asubuhi akina mama walipandisha maji kwa mitungi. Ndani ya matangi yale walikuwa furu, wale vijisamaki vya urefu wa kidole ambavyo sisi tulivijua vikiwa vikavu, vimechomwa kwenye vijiti, macho meupe. Sikujua kwamba wana rangi. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Mmoja alikuwa wa buluu ya shingo ya njiwa, mwingine ana wekundu mabegani kana kwamba amevuliwa gome, mwingine mweusi mwenye madoa ya njano kwenye pezi la chini kama viini vya mayai. Walikuwa wanang'aa kutoka ndani. Na wote waligeuka kunitazama, kwa sababu samaki wa tangini humgeukia kila aingiaye, wakidhani amewaletea chakula. Baadaye niliwachukia kwa tabia hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Taranti alikuwa anataka kujua ziwa lile lina furu wa aina ngapi. Hiyo haikuwa rahisi. Majike wote ni wa kijivu na wanafanana kama punje za mtama. Madume ndio wenye rangi, lakini dume akiogopa hufifia, akishinda ugomvi hung'aa, akipata mahali pake pa kuita majike huvaa rangi ambayo jana hakuwa nayo. Kwa hiyo wawili wenye rangi mbili wanaweza kuwa aina mbili, na wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Bwana alihesabu miiba ya mapezi na safu za magamba kwa kioo cha kukuzia, akaandika. Mimi nilichora kila mmoja akiwa hai, upande wa kushoto, kichwa kikitazama kushoto, na chini yake Bwana akaandika namba. Baada ya hapo samaki aliingizwa kwenye chupa ya dawa, na kabla chai haijachemka taa yake ilikuwa imezimika. Ndani ya chupa namba tatu hana tofauti na namba nane. Kilichobaki cha rangi yake kilikuwa kwenye karatasi yangu peke yake. Bwana aliniambia jambo hilo siku ya kwanza kabisa: "Karatasi yako ni ushahidi. Chora unachoona tu."

Aliyewavua samaki alikuwa Ta Batolomeo, mume wa Paulina, na kwao ndiko nilikolala. Nyumba yao ilikuwa ya duara kubwa, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, mbuzi upande mmoja, sisi upande mwingine, na moshi wa jikoni ukipita katikati yetu wote. Tulikula ndizi na maharage katika jani moja, Batolomeo akimega pande lake na kulichovya taratibu, maana alipenda kuongea akila. Alikuwa mfupi, kifua kipana, mashavu hayaishi kahawa ya kutafuna. Alivua kwa mgono, mtego wa fito aliosuka mwenyewe, akauegesha kwenye mafunjo, akaleta samaki ndani ya debe lenye maji ya palepale ziwani. Aliwajua furu kwa majina yake mwenyewe, mengine ya majirani, mengine siwezi kuyaandika. Naye alikuwa na ubishi mmoja na Bwana Taranti usiokwisha. Bwana aliwahesabu yule wa buluu na yule wa mabega mekundu kama aina mbili, namba tisa na namba kumi. Batolomeo alicheka kila alipozisikia.

"Bwana, huyu na huyu ni kitu kimoja," alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Mama mmoja."

"Umewaona wakizaliwa?"

"Nimeona majike yao. Jike halina dume wa namba tisa na dume wa namba kumi. Linakwenda kwa yeyote."

"Hiyo si hoja, Batolomeo."

"Sawa, Bwana. Andika kumi." Akanitazama mimi, akakonyeza jicho. "Mwanamume akivaa kanzu nyekundu siku ya harusi, kumbe ana ndugu yake mwenye kanzu ya buluu, huyu mzungu atasema ni makabila mawili."

Paulina hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, watoto watatu, na mikono iliyokuwa haitulii. Alinifundisha kumenya ndizi bila kuchafuka utomvu, na msimu wa senene alinipa bakuli la kwangu peke yangu, wakati watoto wake waligawana moja. Nilipomwonyesha michoro yangu aliiangalia kwa makini, akauliza, "Na majike huyachori?" Nikasema Bwana hayahitaji, yote ni ya kijivu. Akasema, "Haya," akarudi jikoni.

Kosa langu lilikuwa dogo, na hilo ndilo nililorudi kulitazama maisha yangu yote. Ilikuwa Jumamosi. Bwana Taranti alikuwa amekwenda Bukoba kufuata dawa na chupa, arudi Jumatatu. Batolomeo alipanda kilima saa sita mchana na debe. Alikuwa amevuka mpaka ghuba ya ng'ambo, nyuma ya mafunjo mapana, mahali ambapo wavuvi hawapapendi kwa sababu ya viboko, na katika mgono wake aliingia furu mmoja ambaye, alisema, hana jina lake. "Huyu simjui," alisema. Jambo kama hilo sikuwahi kulisikia kwake. Nikafunua gunia, nikachungulia. Maji yalikuwa na tope. Niliona mgongo ukigeuka, na kitu chini yake, labda cha njano, labda mwanga tu. Siku hiyo kulikuwa na harusi Kaisho, wasichana wenzangu walikuwa wananingoja njiani wamekwisha kujipaka mafuta, na kumhamisha samaki tangini, kumngoja atulie, kumchora, ingekuwa kazi ya saa mbili. Nikafunika debe kwa gunia. Nikaliacha barazani. Nikajiambia nitamchora Jumapili baada ya misa.

Nilipotoka harusini kesho yake jua lilikuwa limelizungukia debe. Alikuwa anaelea ubavu, wa kijivu, mdomo wazi. Nilimtia kwenye maji safi kana kwamba angeamka. Kisha nilikaa sakafuni mbele ya matangi, samaki wote wakiwa wamenigeukia, nikafikiria namna nitakavyofukuzwa. Nilimwona baba yangu akiniona narudi na kifurushi changu. Niliwaza mwanamume wa Kihanga aliyekuwa ameshapeleka pombe ya posa nyumbani akaambiwa angoje, msichana ana kazi ya wazungu. Nikachukua brashi. Sikukusudia kudanganya sana, nilikusudia kukumbuka. Nilianza na tumbo, nikaweka njano, kwa kuwa nilidhani nimeona njano. Njano peke yake ilionekana ya uongo, nikaongeza kichwa cha kijani. Kijani kikadai kitu cheusi, nikapaka ukanda mweusi machoni. Nilipomaliza alikuwa samaki mzuri kuliko wote niliowahi kuchora. Kwa muda mfupi niliamini kwamba ndivyo alivyokuwa.

Jumatatu Bwana Taranti alisimama na karatasi dirishani muda mrefu. Alihesabu miiba ya yule maiti, akahesabu tena. Akamwita Batolomeo kutoka nje. Katika hofu yangu yote nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu mwingine aliyemwona samaki yule.

"Batolomeo, ndiye huyu uliyemvua?"

Batolomeo aliitazama karatasi. Akanitazama mimi. Sikuinua macho yangu kutoka miguuni pake. Nakumbuka vidole vyake vilikuwa na tope jeupe la ziwa lililokauka.

"Ndiye, Bwana," alisema. "Ndivyo alivyokuwa."

"Hakika?"

"Kabisa."

Bwana akaketi, akaandika namba kumi na nne. Akasema lazima apatikane mwingine, mmoja hatoshi, wenzake wa Ulaya wataomba wa pili. Batolomeo arudi ghuba ileile, arudi kila siku mpaka ampate. Na Batolomeo akajibu, "Sawa, Bwana," kama mtu aliyetumwa kuni.

Nilimfuata mpaka chini ya kilima. "Ta Batolomeo, kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba binti anayekula kwangu ni mwongo?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatafuta kahawa mfukoni. "Kijani kile, mwanangu, hakuna samaki wa ziwa hili mwenye kijani kile. Hicho ni kijani cha kanga."

"Alikuwa wa rangi gani hasa?"

Akafikiri. "Sikumtazama sana," alisema. "Nilijua wewe utamtazama."

Neno hilo limenikaa mpaka leo. Nimewahi kulisikia darasani katikati ya somo la hesabu, nikageuka ubaoni ili watoto wasinione.

Yeye alipendekeza hivi: atakwenda mara tatu nne, atarudi na samaki wa kawaida, mzungu atachoka. Mimi nikasema hapana, nitamwambia Bwana ukweli, nipe siku mbili. Zikapita. Bwana alikuwa na furaha ambayo hatukuwahi kuiona kwake, alikuwa anapiga mluzi akibadilisha maji, alinipa karatasi mpya nzito za kutoka kwao. Nikasema nitamwambia Jumamosi. Jumamosi walikuja wageni wake. Nikasema Ijumaa inayofuata, bila kukosa, na safari hii nilimwapia Batolomeo kwa jina la Mama Maria. Akasema, "Vizuri, Ijumaa," akaunganisha kamba ya mgono iliyokatika. Ile ilikuwa Jumanne jioni, tumeketi nje, Paulina anapepeta maharage.

Jumatano asubuhi alivuka. Kabla ya saa sita mtu aliyekuwa anakata mafunjo alipanda kilima akikimbia, akapita nyumba ya Bwana bila kuingia, akaenda moja kwa moja kwa Paulina. Alikuwa ameona mtumbwi ukiinuliwa kutoka chini, kama mtu anavyoinua kitanda, halafu akaona mgongo wa kiboko, halafu maji. Hakusikia kelele. Wanaume walishuka na pondo, wakatafuta mpaka jioni, wakampata kesho yake kwenye mizizi ya mafunjo, mbali na pale. Paulina hakulia alipoletewa habari. Alikuwa na ungo mkononi. Aliuweka chini polepole ili maharage yasimwagike, kisha akalia, na sauti ile haikuwa ya mtu niliyemjua.

Na kuna jambo nililolifanya siku ile ambalo sijawahi kumwambia mtu hata wakati wa kuungama, maana sijui ni dhambi gani. Wanaume waliomtafuta walikuta mgono wake umenasa, mzima, na samaki ndani. Wakaona ni mali ya Bwana, wakawatia samaki kwenye debe, wakaniletea mimi. Nyumba ya pili wanawake walikuwa wanaomboleza. Mimi nikabeba debe lile mpaka chumba cha matangi, nikawahamisha samaki mmoja mmoja kwa kikombe, nikingoja kila mmoja atulie. Nilifanya kwa uangalifu wote ambao ningepaswa kuufanya ile Jumamosi. Walikuwa saba. Madume manne, wote namba tisa. Majike matatu. Jike moja lilikuwa limevimba koo na halikugusa chakula, nami nilijua sababu: furu jike hubeba mayai yake mdomoni, na watoto wakishaanguliwa huwaweka humohumo, anakaa na njaa mpaka wawe wa kuogelea.

Bwana Taranti alikuja mazishini, akavua kofia, akasimama nyuma ya wanaume wote. Alitaka kusema neno, akasema, "Alikuwa rafiki yangu," na watu wakamwonea huruma. Baada ya wiki moja nilikwenda kumwambia. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema yote: harusi, debe, jua, brashi. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia polepole kwa kuwa hakuonyesha dalili ya kuelewa.

"Una huzuni," alisema mwishowe.

"Nina huzuni, Bwana, lakini ni kweli. Namba kumi na nne hayupo. Nilimtunga."

"Batolomeo alisema alimwona."

"Alisema kwa ajili yangu."

"Batolomeo alibishana nami tangu siku ya kwanza." Sauti yake ilikuwa imeshuka zaidi ya kawaida. "Mtu huyo hakuwahi kukubali neno ambalo si kweli ili kunifurahisha. Nilimuuliza mara mbili. Wewe ulikuwepo."

"Bwana, naomba uifute."

Akaniangalia, na hapo ndipo nilipotambua kwamba ameelewa kila neno. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba asipigwe. Kama namba kumi na nne hakuwepo, basi alimtuma mtu penye viboko, siku tisa mfululizo, akatafute kitu ambacho hakipo. Alihitaji samaki yule awepo kuliko nilivyowahi kumhitaji mimi. "Nenda ukapumzike, Leokadia," alisema, na hatukuzungumza tena habari hiyo. Neno la fadhili la mtu aliyekufa lilikuwa limekuwa ukuta, na mimi sikuwa na mahali pa kupitia.

Nilikaa mpaka mwaka ukaisha. Ningeweza kuondoka, lakini Paulina alisema, "Ukiondoka nyumba itakuwa tupu sana," nikabaki. Nililala nyuma ya kiambaza kilekile, nikala katika jani lilelile, upande wa Batolomeo ukiwa wazi na hakuna aliyeusogelea, hata watoto. Mchana nilikuwa na samaki. Lile jike lilitoa watoto kumi na nane, wadogo kama punje za ulezi wenye macho, na kwa siku chache kila nilipopita waliingia tena mdomoni mwa mama yao kwa hofu. Bwana aliwatengea tangi lao. Wakakua wakiwa kijivu, wote. Nikawa nawatazama kwa woga nisioweza kuueleza. Nilikuwa nangoja nione tumbo la njano. Kuna siku nililiona, nikaenda kufungua dirisha, nikarudi, lilikuwa jua. Nilimwomba Mungu awepo hata mmoja wa njano, kisha nikaomba asiwepo. Mpaka leo siwezi kuapa juu ya rangi ya kitu ambacho hakiko mbele yangu. Muulize mke mwingine yeyote atakwambia gauni lake la harusi lilishonwaje. Mimi nalazimika kuuliza dada zangu.

Walipofikisha miezi saba au minane rangi zilianza kuja. Madume sita. Wanne wakawa wa buluu. Wawili wakatokwa na wekundu mabegani, kidogo kidogo, kama kitambaa kinavyonyonya damu. Mama mmoja. Nilimwita Bwana Taranti, akapiga magoti mbele ya tangi, akakaa hapo muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anasali. Aliinuka, akafungua daftari, akapiga mstari juu ya namba kumi na kuandika kitu pembeni. "Alikuwa sahihi," alisema, bila kutaja jina. Kisha akageuza ukurasa. Nilimwona akipita namba kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Juu ya kumi na nne mkono wake ulisita, halafu akafunga daftari. Baada ya miezi miwili alifunga masanduku yake, akarudi kwao na chupa zote na michoro yangu yote, na sikupata kumsikia tena.

Nikaenda kusomea ualimu. Nikaolewa, si na yule wa Kihanga. Kila mwaka, mara mbili au tatu, nilikwenda kwa Paulina na mkungu wa ndizi, au kahawa, au kitambaa kwa ajili ya binti zake, na kila mara njiani nilipanga maneno. Nikifika tuliongea habari za miguu yake, za mvua, za bei ya kahawa, za mtoto gani amepata kipaimara. Nilikuwa najiambia kwamba kumwambia ni kumwongezea mzigo. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, nao niliupamba vizuri kama ule wa kwanza.

Aliyenifungua mdomo alikuwa kijana wa chuo, aliyekuja mwezi uliopita akiuliza wazee habari za samaki wa maziwa yetu. Mtu alimwelekeza kwangu. Alikuwa na adabu, alinishikia mikono yote miwili akisema shikamoo, akatoa karatasi yenye orodha. Alinieleza kwamba zamani mzungu mmoja aliandika aina za furu wa ziwa lile, na wao wamerudi kuzitafuta. Nyingi zipo. Moja haionekani. Wamevua ghuba ile misimu mitatu.

"Mwenye tumbo la njano na kichwa cha kijani," alisema. "Tumemwandika miongoni mwa waliotoweka. Inasikitisha, bibi. Alikuwa mzuri sana."

Nilimpa chai. Nilimwambia ukweli wote, naye aliandika, akanitazama kwa namna vijana wanavyowatazama wazee waliochanganyikiwa kidogo, akanishukuru. Kesho yake nilimwamsha mjukuu anitolee pikipiki.

Paulina alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. Chumba kilikuwa cha matofali sasa, na dirisha la kioo, lakini alikuwa amewaambia binti zake watandaze nyasi. Nikaketi kitandani pake, sikuuliza habari za miguu. Nikasema, "Ma Paulina, yule samaki ambaye Batolomeo alikuwa anamtafuta hakuwepo. Nilimtunga mimi. Na yeye alijua." Nikaeleza, kwa Kinyambo, na katika lugha ile hapakuwa na mahali pa kujificha. Hakugeuka. Nilidhani amelala.

"Aliniambia," alisema.

"Nani?"

"Mume wangu. Jumatatu ileile, akila. Alicheka mpaka maharage yakampalia. Alisema umechora samaki kama bibi harusi."

Miaka yote ile. Nikauliza, "Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Nilikuwa nangoja useme." Akapumua. "Kila ulipoingia na ndizi zako nilisema, leo atasema. Nikaozesha, nikazika, nikazeeka, nangoja. Nilitaka wewe useme lako ili na mimi nipate kusema langu."

"Lipi, mama?"

Akageuka basi, kwa taabu, nikamsaidia. Macho yake yalikuwa na utando, lakini alinitazama sawasawa. "Jumatano ile hakutaka kwenda," alisema. "Alikuwa amelala vibaya. Aliniambia, leo nakaa, huyu mtoto atasema Ijumaa yatakwisha. Mimi nikamwambia, nenda. Usipokwenda Bwana atajiuliza kwa nini, na mtoto wa watu atafukuzwa kabla hajapata kusema mwenyewe. Nikampa mgono mkononi. Nilimsukuma mgongoni hivi, kwa mkono wangu huu."

Nje binti yake alikuwa anakatakata majani ya mbuzi, kisu kinapanda na kushuka. Tulikuwa tumekaa upande kwa upande, wanawake wawili, tangu tukiwa wasichana, kila mmoja akidhani ndiye aliyemuua peke yake, na kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa ajili hiyo. Sikumwambia kwamba si kosa lake. Hata yeye hakuniambia hivyo. Nilishika ule mkono alionionyesha, ulikuwa mkavu na mwepesi, nikaushika mpaka binti alipoingia na bakuli la uji wa ulezi. Nikalipokea, nikamlisha Paulina vijiko vinne. Cha tano alikizuia kwa kidole, akakirudisha taratibu kuelekea mdomoni mwangu.

"Na wewe," alisema. "Umekuja mbali."

Nikala. Baada ya siku nane wakaja kuniita.